Kikombe Nilichompa Mwanangu

Mama mwenzangu, nimekuwa muuguzi kwa zaidi ya miaka 20, lakini siku ile niliuacha uuguzi wangu mlangoni mwa jiko.

Nyuma ya kanisa letu akina mama tulipanda artemisia, mmea uliotoka China. Tulikausha majani yake na kuyagawa ya chai, nami nilikuwa mmoja wa wagawaji. Kijana wangu wa miaka 7 alipopata homa, nilimchemshia konzi moja. Kesho yake homa ikashuka, nikashukuru. Siku ya tano ikarudi kwa nguvu, mtoto anatapika, macho yamelegea. Nilimbeba mbio hadi zahanati. Damu ilijaa vimelea vya malaria. Dawa mseto ndiyo iliyomponya.

Aliniuliza, "Mama, kwani chai yako haikuwa chungu vya kutosha?" Sikuwa na jibu.

Ajabu ni kwamba dawa ile mseto nayo asili yake ni artemisia. Mwaka 1971 mtafiti wa China, Tu Youyou, aliona kwamba majani yakipikwa kwa moto mkali hayatibu vizuri. Katika kitabu cha kale cha tabibu Ge Hong alisoma kwamba majani hulowekwa majini, kisha hukamuliwa. Akatumia etha, ambayo huchemka kwenye nyuzi joto 35 hivi, na maji ya majani aliyoyapata yakaua vimelea katika panya. Mwaka 1972 kikundi chake kilipata fuwele za kemikali yenyewe, artemisinini. Mwaka 2015 alipewa Tuzo ya Nobel.

Jani moja lina kemikali nyingi: zipo zinazotibu, zisizo na kazi, na pengine zenye madhara. Umewahi kuona tone la wino likilowa kwenye karatasi, rangi zikaachana? Maabara nazo hutenganisha kemikali za majani kwa njia inayofanana na hiyo. Kisha kila moja hupimwa: ni ipi, inafanya nini, na inatosha kiasi gani.

Hicho kiasi ndicho nilichokikosa. Artemisinini haiyeyuki vizuri katika maji, na majani ya shamba moja hayalingani na ya jingine. Dozi ikiwa ndogo, vimelea sugu hubaki na kuzaana. Ndiyo maana mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilisema chai hiyo isitumike kutibu wala kuzuia malaria.

Alhamisi iliyofuata nilisimama mbele ya akina mama wenzangu nikawaeleza yote, hata aibu yangu. Tuliacha kugawa majani.

Mpendwa msomaji, sidharau miti shamba, kwani ndiyo iliyotupa dawa. Lakini uchungu wa kikombe si kipimo. Mtoto akipata homa, kwanza apimwe damu, tena siku hiyo hiyo.