Kifuniko cha Rejeta

Msafiri atokaye Kitengela kuelekea Kajiado kupitia Isinya hupanda pasipo kujua. Nyanda za Athi-Kaputiei zimetandaa kama jamvi, lakini Kitengela iko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na Kajiado takribani mita 1,700. Maji ambayo Mombasa huchemka katika nyuzijoto 100, huku huchemka yakikaribia 95. Tofauti hiyo si kitu kwa mpika chai. Kwa injini ya matatu iliyosheheni abiria saa nane mchana, ni jambo jingine kabisa.

Wengi hudhani kifuniko cha rejeta ni kizibo tu, mithili ya kile cha chupa. La hasha. Ndani yake mna springi inayoyabana maji, nayo yakibanwa hivyo hayachemki hata yapitapo nyuzi 110. Springi ikilegea, au kifuniko kikipotea na mahali pake pakazibwa kwa kitambaa, maji hurejea kuchemka kwenye 95. Na injini nzima, isiyo na hitilafu, hufanya kazi kwenye takriban 90. Hapo nafasi ya usalama imekwisha. Hedi hupinda, gasketi huungua, na mwenye gari hugharimika mapato ya miezi. Dereva mwenye pupa akikifungua kifuniko kabla injini haijapoa, shinikizo hutoweka ghafla, maji hugeuka mvuke papo hapo na kumbabua uso na mikono.

Themostati nayo ina kisa chake. Ni vali ndogo yenye nta inayotanuka ipatapo joto, ikayafungulia maji njia ya kwenda kwenye rejeta. Wapo mafundi waing'oao na kuitupa, wakishikilia kuwa nchi ya joto haiihitaji. Hoja hiyo yaelekea kuzaliwa na lugha yenyewe. Gereji huliona gari kama mwili: linakunywa mafuta, linakula oili, linakohoa. Mwili wenye joto jingi ni mgonjwa, basi na upozwe! Kumbe injini isiyofikia joto lake ndiyo mgonjwa: oili hubaki nzito, mafuta huteketea ovyo, silinda husagika. Sitiari iliyomfunza fundi ndiyo hiyo hiyo iliyompotosha.

Katika kumbi za mihadhara mjadala huwa ni iwapo gari "imechemka" au "limechemka". Mjadala huo una mahali pake. Hata hivyo, mwanagenzi wa gereji ya Kitengela hafunzwi lolote na neno "themostati", hata likiendelezwa barabara. Na akienda dukani kuulizia "kidhibiti joto", huenda akarudi mikono mitupu. Anachokosa ni ukurasa mmoja wa sentensi za Kiswahili zinazoeleza ile nta.

Kuhusu maji, maelezo yako jikoni tayari. Maji ya visima vingi vya Kajiado yana chumvichumvi, na kila sufuria ya huko ina utando mweupe uliogandamana. Utando huo huo huziba vijia vyembamba vya rejeta ya dereva ajazaye jerikani kisimani. Walio waangalifu hutumia kulanti iliyochanganywa tayari, au hukinga maji ya mvua mwezi wa Aprili na kuyaweka akiba.