Kumwachia Nyota Aende

Wenzangu hosteli husubiri msimu uanze. Mimi husubiri uishe. Kwenye NFL, ligi ya futiboli ya Kimarekani, mwezi wangu ni Machi. Timu zote 32 zina kikomo kimoja cha mishahara, kwa hiyo hata mwenye timu awe tajiri vipi, hawezi kubeba kila mtu. Lazima achague.

Machi 2022 Kansas City Chiefs walimwachia Tyreek Hill, mpokeaji mwenye mbio za kutisha, aende Miami Dolphins. Kikomo mwaka ule kilikuwa dola milioni 208.2, na Patrick Mahomes, mrusha mpira wao, alishakuwa na mkataba mnono. Walichopata ni nafasi tano za kuchagua chipukizi. Nafasi tu, siyo wachezaji! Washkaji wakasema jamaa wamechizika. Lakini moja ya nafasi hizo iliwasaidia kumpata beki Trent McDuffie, na Februari 2023 wakabeba ubingwa. Februari 2024 wakarudia.

Kinachonigusa ni kwamba Hill alikuwa bado moto. Hawakusubiri achuje. Sisi wengi kitu tunakiacha kikishaharibika, tena kwa lawama.

Semista ijayo nina utafiti wa mwaka wa mwisho, na kwaya inakula jioni zangu zote. Kuimba nakupenda kuliko utafiti, hilo sifichi. Ila siku ina saa 24, hata kwangu. Wiki hii naaga kwaya, sauti ikiwa bado nzuri.