Macho ya Asiyechoma

Nabii Daudi, alayhi salaam, alilainishiwa chuma na Mola wake. Basi twafurahi vijana wetu wanunuapo mashine ya kuchomelea, ile isukumayo waya yenyewe kama cherehani itoavyo uzi. Lakini twaogopa jambo moja: madhara yake humfika hata asiyeishika. Mwenye kuchoma amevaa kofia yenye kioo cheusi. Mtoto aliyesimama mlangoni hana kitu. Mwanga ule haumuumizi papo hapo. Usiku ndipo macho humuuma kana kwamba yametiwa mchanga, na nyumba nzima hailali.

Kwa hiyo kwetu sisi hutangulia pazia zito lisiloshika moto, na watoto twawafukuza, wanung'unike wapendavyo. Waya wenye dawa ndani usiotaka gesi, bunduki yake hufungwa upande wa hasi. Waya mtupu hutaka gesi na upande wa chanya. Bomba lililopakwa zinki twalikwangua kwanza, tena uwanjani, kwani moshi wake mweupe huleta homa. Mikeka na majani makavu huondolewa mita 11. Kazi ikiisha, cheche hulindwa saa nzima. Adhana ikitolewa, mmoja hubaki hapo mpaka wenzake warudi.