Fromaji kwa mshahara wa mwalimu



Mwezi uliopita binti yangu mdogo alitoka kwenye malaria akiwa amekonda sana. Sombe anaisukuma, mikeke anageuza uso. Siku ya nne akaniambia: "Mama, nataka fromaji, kama ile ya ubatizo." Nilikuwa nimepokea zamu yangu ya likelemba, pesa za minerval ya kaka yake. Nikatoa kidogo, nikaenda alimantasio.

Nilichagua kwa macho: kikopo kizuri cha fromaji nyeupe, laini. Jioni ile umeme ukakatika, ukarudi siku ya tatu. Mtoto alikula vijiko viwili tu. Iliyobaki ilichacha, nikaitupa. Mamamkwe hakusema neno, aliangalia tu. Usiku nikahesabu upya pesa za minerval, sikupata usingizi.

Juma lililofuata nilirudi dukani na akili ya mwalimu. Haya ndiyo niliyojifunza.

Fromaji laini ina maji mengi, kwa hiyo huharibika upesi. Ile ngumu ya manjano, ya duara, inayotoka Masisi, imekamuliwa maji na kutiwa chumvi. Inatengenezwa kwenye milima yenye baridi, lakini hata hapa kwetu kwenye joto la ziwa inavumilia siku kadhaa bila friji. Ifunge kwa kitambaa safi, si kwa mfuko wa plastiki, uiweke kivulini. Ukungu ukitokea juu yake, kata sehemu ile kwa upana wa vidole viwili. Lakini ile laini ikiota ukungu, tupa yote.

Bei isikutishe: kilo 1 ya fromaji ngumu inakula karibu lita 10 za maziwa. Omba ukatiwe robo kilo. Tena linganisha uzito, si ukubwa wa pakiti. Boksi la Vache qui rit la vipande 8 mara nyingi halifiki gramu 150. Faida yake ni kwamba halihitaji friji kabla ya kufunguliwa. Na barabara ya Bukavu ikifungwa, bei ikapanda, acha. Hakuna mtoto aliyekufa kwa kukosa fromaji.

Robo yangu niliikwangua kidogo kidogo: juu ya viazi vya moto, ndani ya mayai ya kukaanga, kwenye makaroni, na kipande chembamba pamoja na ndizi mbivu. Sikuongeza chumvi, kwa sababu fromaji inayo yake. Ilitufikisha siku sita, watu watano.

Lakini niseme ukweli. Kwa kujenga mwili, ndagala wetu wanaoliwa na mifupa yao wanatosha, na kwa pesa ileile unapata wengi zaidi. Fromaji ilikuwa ya kumwamsha mtoto hamu. Siku ya tatu nilificha ndagala waliosagwa chini ya viazi, fromaji juu. Akamaliza sahani, akaomba tena.

Mamamkwe akavuta sahani ya viazi, akaonja. "Mwalimu," akasema, "nilidhani umenunua sabuni." Tulicheka wote.

Minerval nimeilipa nusu. Nusu iliyobaki nitailipa mwisho wa mwezi, Mungu akipenda. Kikopo kile kizuri nimekiosha, ndicho ninachowekea chumvi.