Ukifika Unguja, Kaa Usikilize

Mwanangu mpenzi,

Baba yako amenieleza kwamba umepata likizo na unakwenda kutembea Unguja. Nimefurahi mno. Mji Mkongwe ndio uliotulea mimi na yeye, basi pokea nasaha zangu kabla hujapanda boti.

Najua vijana mnapenda kuonja kila kitu kwa usiku mmoja: sahani hapa, wimbo nusu pale, picha, kisha mbio kwengine. Usifanye hivyo. Chakula chetu na muziki wetu vinamtaka mtu aliyetulia.

Alasiri tafuta urojo wa moto, wenye bajia, kachori, viazi na chatine ya nazi. Kula pale unapoona wenyeji wamejaa. Jua likishatua nenda Bustani ya Forodhani. Chagua mishkaki au pweza anayechomwa mbele yako, si aliyelala mezani tangu mchana, na uulize bei kabla chakula hakijaingia kwenye sahani. Kuuliza si uchoyo. Shushia na juisi ya miwa yenye ndimu na tangawizi, lakini usivimbiwe, kwani usiku bado.

Sasa ulizia wapi pana taarab. Kuna Nadi Ikhwan Safaa, kikundi cha tangu 1905. Kuna Culture Musical Club. Kuna pia vijana wa Dhow Countries Music Academy, chuo kinachofundisha muziki wetu tangu 2002. Wakianza na bashraf, vyombo vitupu bila mwimbaji, usishike simu. Wakati huo sikio lako linajifunza kutenganisha kanuni na udi, fidla na nai. Mwimbaji akiingia, fuata maneno. Siti binti Saad, mwimbaji wa taarab mzaliwa wa Fumba, alivuka bahari mwaka 1928 kwenda Bombay kurekodi santuri, na alipendwa kwa sababu aliimba Kiswahili na watu wakajisikia wao wenyewe ndani ya nyimbo zake. Mashairi haya yana mafumbo. Ukisikiliza nusu, umeambulia sauti tu.

Ubeti ukikugusa, inuka ukatunze. Weka noti ndogo ndogo tayari kwenye mkoba, nenda kwa mwendo wa ngoma, mpe mwimbaji mkononi, kisha urudi ukae kitako. Ila chagua ubeti wako vizuri: ukiinuka kwenye maneno ya kijembe, ukumbi mzima utamtafuta unayemlenga! Inukia mapenzi, inukia shukrani, inukia mama.

Nakuhimiza hili kwa moyo wote. Mpiga fidla yule amejifunza miaka mingi, na watalii wengi humsikiliza huku wanazungumza, wakaondoka kabla kibwagizo hakijarudi. Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Wewe si mtalii pale, ni mtoto wa nyumbani, hivyo tunzo lako lina uzito kuliko la mgeni. Afadhali ule mahali pamoja na usikilize kikundi kimoja mpaka mwisho, uwajue wanaokupikia na wanaokupigia, wakuulize wewe ni mtoto wa nani. Waambie bila kusita.

Mwenyezi Mungu akupeleke salama na akurudishe salama. Wasalimie jamaa wote.

Akupendaye,
Shangazi yako