Uvimbe wa Goti
Mwanafunzi wetu alivimba goti. Sisi tuliomfundisha tulisema ni mpira tu, akakandwa miezi mitatu. Kumbe ni saratani ya mfupa! Mganga wa hospitali alitueleza madaraja yake, kama alivyoyapanga Enneking wa Marekani mwaka 1980. Kipande cha uvimbe hutazamwa kwa hadubini: ukiwa mpole, ni daraja la kwanza, ukiwa mkali, la pili, ukiisha kufika mapafuni au penginepo, la tatu. Tena huongezwa herufi: A, ungali ndani ya mipaka yake, B, umeivuka. Mapafu ya mtoto yalionekana safi: daraja la pili, B. Wazazi wapenzi, uvimbe usiopungua upelekwe hospitalini upesi. Kwa kukawia kwetu tunamwomba Mungu msamaha.