Flamingo wa Mbao Walivyotupatanisha

Binti yangu alizaliwa hapa Nakuru miaka minane iliyopita, lakini hajawahi kuliona ziwa letu limejaa rangi ya waridi kama nilivyoliona utotoni. Maji yalipoanza kupanda baada ya mwaka wa 2010, magadi yalipungua, mwani unaoliwa na flamingo ukaadimika, na wengi wao wakahamia Ziwa Bogoria.

Basi nikaamua kumtengenezea flamingo wake. Nilimchora kwenye plaiwudi, nikamkata kwa msumeno, nikampaka rangi na kumsimamisha uani. Mvua ya Aprili iliponyesha, tabaka za plaiwudi ziliachana kama kurasa za kitabu kilicholoa. Binti alilia.

Ikanibidi kumwendea baba. Yeye ni seremala, na tangu nilipochagua kalamu badala ya randa, tulikuwa tukisalimiana matangani tu. Aliutazama ubao ule, wala hakunicheka.

"Mwanangu, umepaka uso ukasahau kingo," alisema. "Maji huingilia pale pasipotazamwa."

Wahenga hawakukosea: usipoziba ufa utajenga ukuta.

Jumamosi mbili tulifanya kazi pamoja. Tulisugua kingo kwa msasa, tukazipaka rangi ya msingi mara mbili, kisha rangi ya mafuta. Miguu tuliifunga kwenye vyuma ili mbao zisiguse udongo.

Masika yamepita na flamingo watano wangali wima. Baba huja kila Jumapili, eti kukagua rangi. Mimi humwandalia chai, wala simwulizi ameona kasoro gani.